Maneno Uliyoniomba

Rotterdam
12 Agosti 2007

Dada Rumaisa,

Assalaam aleikum. Naanza na Mama: mwezi huu amekwenda kliniki ya presha, au bado anadai dawa zinamkausha mdomo? Mwambie zile soksi nilizotuma si za kuweka sandukuni, ni za kuvaliwa. Shemeji Dualeh mpe salamu zake na hongera. Duka la agrovet Nakuru, la mbegu na dawa za shamba, na sasa shamba la pareto Olenguruone, hiyo si mchezo. Mimi ni mzima. Miaka kumi na moja huku na baridi bado inaniingia utadhani nimefika jana.

Nina ombi. Kazini wamenipa kazi ya kutengeneza kamusi ya Kiswahili cha bara, kile cha sokoni na shambani, si cha vitabuni. Kiswahili changu kilibaki mwaka wa tisini na sita. Nataka hasa yale maneno ambayo watu hutumia msimu huu wa kampeni wakitaka kusema jambo bila kulisema. Nisikilizie pale sokoni na dukani, uniandikie neno na maana yake, kwa lugha yako mwenyewe.

Lakini andika kwa barua. Usiyatume kwa simu. Simu tuiachie salamu.

Ndugu yako,
Nasir


Bondeni, Nakuru
9 Septemba 2007

Nasir ndugu yangu,

Waaleikum salaam. Barua yako imekaa siku tano dukani kwa Bhagwanti, maana sanduku la posta ni lake na ufunguo ni wake, naye alikuwa Kisumu kwa harusi. Mama soksi amevaa. Anavaa na ndara, sasa sijui tumefaidi nini. Presha iko vile vile. Daktari akimwambia apunguze chumvi anamwitikia vizuri sana, akifika nyumbani anamwaga mkono mzima.

Dualeh amecheka ombi lako. Ati mtu anayefanya kazi kwa kampuni ya simu na anaogopa simu ni kama muuza nyama anayekula mboga ya sukuma wiki tu. Mimi nimemwambia akuache, wewe tangu utotoni ulikuwa mtu wa kujificha nyuma ya mlango kusikiliza wakubwa.

Maneno nimekuandikia thelathini na mbili, yako kwenye karatasi ya pili. Mengine ni ya Dualeh, kwa sababu yeye ndiye anayezunguka mashambani. La thelathini na moja ni lake, na ndilo lililonikalia vibaya. Kupalilia. Unalijua, mahindi ya Mama tumeyapalilia mpaka viganja vikaota sugu. Ila huko juu siku hizi, mtu akisema tutapalilia, usidhani kila mara anasema habari ya jembe, mara nyingine anasema habari ya majirani. Nimekuandikia maana hivi: ni kuacha mmea wa aina moja tu kwenye mstari, na mingine yote kuing'oa, hata kama ina maua. Dualeh alipolisema tulikuwa mezani, nikasukuma sahani.

Nimefurahi umeniomba. Tangu nimalize shule hakuna mtu aliyewahi kuniomba maneno, wananiomba tu chai.

Dadako,
Rumaisa


Rotterdam
27 Desemba 2007

Dada Rumaisa,

Assalaam aleikum. Najua leo mko kwenye foleni ya kupiga kura, na Mama amebeba kiti chake. Barua hii nilipaswa kuiandika Oktoba. Niliianza mara tatu.

Maneno yalifika. Yalikuwa mazuri, mazuri kupita kiasi. Mkuu wangu alisema hajapata kuona orodha iliyoelezwa vizuri namna ile. Nashukuru.

Sasa nisikilize bila kuuliza. Mwambie shemeji apunguze SMS, hasa za shambani. Kama ana neno la kumwambia mtu wa Olenguruone aende mwenyewe, au amtume mtu kwa mdomo. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Kuna karatasi nimetia sahihi kazini.

Mama asilale bila ile dawa nyeupe.

Nasir


Bondeni, Nakuru
24 Februari 2008

Nasir,

Waaleikum salaam. Barua yako ya Desemba nimeipata jana. Posta ilifungwa, barabara zilifungwa, kila kitu kilifungwa, kwa hiyo usimlaumu Bhagwanti. Kwake walivunja vioo vya mbele, amepigilia mbao na anauza kupitia kidirisha. Sisi nyumba haikuguswa. Mama yuko. Dawa nyeupe ziliisha katikati ya Januari, tukapata nyingine wiki iliyopita.

Dualeh hayuko.

Nakueleza ilivyokuwa kwa mpangilio, maana nimeshaieleza mara nyingi na ulimi wangu umeizoea. Jumatatu tarehe ishirini na moja Januari alimwandikia Jeruto, yule mama anayemsimamia pareto. Aliandika hivi, nakumbuka kwa sababu alinisomea aone kama imeeleweka: Nimepata watu kumi. Tupalilie shamba lote la juu kabla ya Jumamosi. Majembe naleta mimi. Jeruto akajibu sawa.

Jumatano saa nane mchana walikuja dukani watu wanne na gari la kijivu. Hawakuwa na sare. Nilikuwa napima mbegu za sukuma. Mmoja alitandaza karatasi juu ya kaunta, ina ule ujumbe umechapwa, akaweka kidole kwenye neno moja, akamuuliza Dualeh unapalilia nini. Dualeh akasema pareto. Akamuuliza tena, unapalilia nini. Akasema pareto, boss, unataka nikupe mche uone? Wakaondoka naye na karatasi yao. Aliniambia nisimalizie ule mfuko wa mbegu, umeahidiwa mtu.

Ijumaa mji ukawaka, na baada ya hapo mtu mmoja aliyepotea hakuwa habari tena. Nimekwenda vituo vyote. Kitabu kinafunguliwa, jina halimo, kitabu kinafungwa. Mochwari nimekwenda mara nne. Wahudumu sasa wananisalimia kwa jina.

Simu yake nikipiga inasema mteja hapatikani. Huwa namwandikia tu SMS. Silii. Nimekufa ganzi, Nasir, hata nikiungua na chai sisikii mpaka nione ngozi. Mama analia kwa niaba yangu.

Ulisema nisikilize bila kuuliza. Barua yako ilichelewa wiki nne, kwa hiyo nauliza. Ulijuaje?

Rumaisa


Rotterdam
30 Machi 2008

Dada yangu,

Assalaam aleikum. Pole. Nimeandika pole na nimekaa nikiitazama, haina uzito wowote. Nimemtumia Mama sweta na dawa za miezi mitatu, zitafika kwa mkono wa mtu anayekuja Nairobi.

Unauliza nilijuaje. Nilikisia. Huku tunatengeneza vifaa vya simu, na kimojawapo kinaweza kupitia jumbe za watu na kuchambua zenye maneno fulani. Kiliuzwa huko mwaka jana. Kwenye karatasi za forodha kiliandikwa kifaa cha kupimia nguvu ya mtandao, na aliyenunua ni kampuni iitwayo Rift Crest Traders, ambayo nadhani ni meza na mlango.

Usifikiri sheria hakuna. Ipo. Ulaya kuna orodha ndefu ya vitu ambavyo huwezi kuviuza nje bila kibali: bunduki, kemikali, hata aina fulani za chuma. Ukiomba kibali serikali inauliza, huyu anayenunua, je, atakitumia kuwaumiza watu wake? Ikiona dalili, inakataa. Lakini orodha inahesabu vitu vinavyopiga. Kinachosikiliza kimewekwa kundi moja na simu za mezani. Hakikuombewa kibali, kwa hiyo hakuna aliyeulizwa. Najua kuna watu wanaodai orodha iongezwe. Wataongeza siku moja.

Mimi kazi yangu ni maneno tu.

Usikate tamaa juu ya shemeji. Kuna watu waliokaa ndani miezi na wakarudi.

Nasir


Bondeni, Nakuru
4 Mei 2008

Nasir,

Waaleikum salaam. Sweta imefika, Mama amesema mikono ni mirefu lakini hataki ikatwe kwa sababu ni yako. Mvua imeanza vizuri. Jeruto alikuja na mfuko wa viazi na hakujua pa kukaa. Anadhani kosa ni lake kwa sababu alijibu sawa.

Nimepata wakili, anaitwa Khaemba. Ofisi yake iko juu ya duka la viatu, na kabla hujaongea anakupa kiti kizuri yeye anakalia kibovu. Amepeleka ombi mahakama kuu, serikali iamriwe kumleta Dualeh mbele ya jaji, akiwa hai au vyovyote alivyo. Wao wamejibu kwamba hawakumchukua, hawakuwahi kusoma ujumbe wake, na mashine ya kusoma jumbe haimo nchini. Karatasi za forodha wamezileta wenyewe. Kifaa cha kupimia nguvu ya mtandao. Kwa hiyo unaona ilivyokaa: kwenu hakuna mashine kwa sababu haimo kwenye orodha, kwetu hakuna mashine kwa sababu kwenu hakuna, na kama hakuna mashine hakuna karatasi, na kama hakuna karatasi basi mume wangu alitoka dukani akaenda zake.

Khaemba amenisomea mkataba wa kimataifa ambao nchi zote mbili, yenu na yetu, zimetia sahihi. Unasema mtu asiingiliwe kiholela faragha yake, familia yake, nyumba yake wala mawasiliano yake. Anasema hata kama orodha ina tundu, mkataba hauna. Lakini mkataba hauwezi kupanda kizimbani. Anataka mtu aliyeiona mashine, aseme inafanya nini na ilikwenda wapi, aape mbele ya mthibitishaji wa viapo wa huko, atie sahihi na jina lake. Bila huyo, kesi inafutwa. Tarehe ni ishirini na moja Julai.

Sasa kuna jambo sikukuandikia Februari. Ile karatasi ya kwenye kaunta, chini ya ujumbe wa Dualeh kulikuwa na mstari mwingine. Nilikuwa nimesimama upande wa pili, nikausoma juu chini. Uliandikwa hivi: Neno la 31. Palilia. Kuacha mmea wa aina moja tu kwenye mstari, na mingine yote kuing'oa, hata kama ina maua.

Nilijua mwandiko hata kama umechapwa. Hiyo sehemu ya mwisho, hata kama ina maua, ni yangu. Dualeh hakuisema, niliiongeza mimi, niliona inapendeza.

Nimekaa na hilo siku mia moja. Sikuuliza kamusi iko wapi. Nataka hiyo karatasi ya kiapo tu.

Rumaisa


Rotterdam
1 Juni 2008

Dada Rumaisa,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii inawakuta salama, na Mama amemaliza zile dawa kwa wakati.

Mstari ule nimeusoma mara nyingi. Sikujua wangeweka maelezo pia. Nilidhani wanataka maneno matupu.

Kuhusu kiapo, nimeuliza wakili wa hapa, bila kutaja majina. Anasema mkataba wangu wa kazi unanizuia kusema chochote hadi miaka mitano baada ya kuondoka. Kibali changu cha kuishi kinategemea kazi hii, na kinafanyiwa upya Septemba. Nikifukuzwa sasa narudi Nakuru na mkoba. Nitamfaa nani nikiwa na mkoba? Muombe Khaemba asogeze tarehe hadi Oktoba. Mahakama husogeza. Oktoba nitaweza kufikiri vizuri.

Sijakataa. Naomba uelewe kwamba sijakataa.

Na tafadhali acha kulala chini chumbani kwa Mama. Baridi ya Julai itakuingia kifuani, sakafu ile ni ya saruji. Rudi kwenye kitanda chako.

Nasir


Bondeni, Nakuru
22 Juni 2008

Nasir,

Waaleikum salaam. Mama ni mzima. Bhagwanti ameweka vioo vipya.

Nimemuuliza Khaemba. Jaji hasogezi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikaenda kwa Bhagwanti nikamwomba anisomee ile sehemu ya mwisho kwa sauti, nisije nikawa nimechanganyikiwa. Sikukuandikia kwamba nalala chini. Mama hajui kuandika. Majirani hawajui, naamka kabla ya wote na kukunja godoro. Nimemwambia mtu mmoja tu, kwa SMS, tarehe tisa Aprili. Nilimwandikia hivi: Kitanda chetu kimekuwa kikubwa, nimehamia sakafuni kwa Mama, ukirudi usitafute kule.

Simu ya Dualeh imezimwa. Yeye hakuisoma. Wewe umeisoma.

Sitakuuliza ni tangu lini. Nimeona kuandika barua kunachukua wiki mbili na tarehe inakaribia. Kumbe kuna njia ya mkato.

Rumaisa


Rotterdam
9 Julai 2008

Dada,

Assalaam aleikum. Siulizi habari za nyumbani. Ninazo zote.

Bahasha hii inakuja kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi, itafika kabla ya tarehe kumi na tano. Ndani yake kuna kiapo changu, kurasa sita, kila ukurasa umepigwa muhuri wa mthibitishaji. Mpe Khaemba mkononi, usipitie kwa mtu. Nimeeleza mashine inafanya nini, niliiona ikifungwa kwenye masanduku, na ni nani hasa aliyekuja kujifunza kuitumia, kwa majina na vyeo, kwa sababu mimi ndiye niliyewatafsiria darasani siku tisa. Wale hawakuwa Rift Crest Traders. Nimeeleza pia kwamba orodha ya maneno niliiomba mimi kwa jamaa zangu nikiwadanganya kuwa ni kamusi. Jina lako sikuliandika.

Kila Jumatatu wananiletea faili ya jumbe kutoka huko nizitafsiri, wapime kama mashine inasikia sawasawa. Namba ya shemeji ilikuja mara ya kwanza tarehe kumi na moja Februari. Niliijua kabla sijasoma neno, ni namba niliyokuwa nikiipiga kila Idi. Jumbe zilikuwa zako, umemwandikia yeye. Umekula? Mfuko wa mbegu mwenyewe amekuja kuuchukua. Mama anakuuliza. Nimekutafsiri miezi mitano, dada, jumbe mia moja arobaini na mbili, na kwenye kila mmoja nilijaza kile kisanduku cha mwisho cha fomu: hakuna hatari. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo namna yangu ya kukulinda. Nilikuwa mwoga, hakuna neno jingine, wala kwenye orodha yako hakuna.

Faili inaonyesha kama ujumbe umepokewa. Hili limo kwenye kiapo, ukurasa wa tano, lakini sitaki ulisikie kwa Khaemba. Simu yake ilikuwa ikiwashwa mara moja kwa siku, asubuhi, na ilipokea jumbe zako hadi tarehe kumi na tisa Februari saa tatu na dakika kumi. Siku zote mnara wa simu ulikuwa mmoja, wa njia ya Elburgon. Ule wa mwisho kupokewa ulikuwa unamwambia kwamba Jeruto amemaliza pareto peke yake. Sijui kama ni yeye aliyeusoma. Baada ya hapo hakuna kilichopokewa. Nilijua faili ya Jumatatu iliyofuata ilipofika, na wewe ulikuwa bado unakwenda mochwari kuuliza.

Ujumbe wako wa juzi ulifika mezani kwangu Jumatatu. Uliandika: Nasir, najua ni wewe unayesoma. Dualeh hajibu. Jibu wewe.

Ghorofa nzima hakuna mwingine anayejua Kiswahili. Ningeweza kuandika kwamba unasema habari ya viazi, na hakuna ambaye angejua mpaka kesho. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu na kikombe chake, anangoja. Niliutafsiri kama ulivyo, neno kwa neno, na kile kisanduku cha mwisho nikakiacha wazi.

Akasoma. Akaniuliza, huyu Nasir ni nani?

Nikamwambia ni mimi.

Nasir